Amina Yangu ya Jumatano

Jumatano iliyopita kwenye maombi dada mmoja alisimama akashuhudia. Mtoto wake alichomwa sindano ya wiki kumi, usiku huo akashikwa na homa, ikafika degedege. Bwana akamponya. Halafu akamaliza: "Mimi na chanjo tena, hapana!" Kanisa likasema Amina. Na mimi niliyeshika maikrofoni nikasema Amina. Imenisumbua tangu siku hiyo.

Sisi ni kanisa la ushuhuda. Yule kipofu wa Yohana 9 aliwajibu wakubwa kwa kueleza tu yaliyompata. Dada naye alikesha na ile homa, nani atamwambia haikuwepo? Na sindano inaweza kuleta homa kweli, wauguzi wenyewe husema. Malaria pia huleta, na hapa kando ya Tana tunaijua. Lakini kipofu alishuhudia alichokijua. Kwamba chanjo ni mbaya kuliko ugonjwa, hilo usiku mmoja hauwezi kulionyesha.

Nilisomea biashara, mnisamehe mfano wa duka. Mteja akirudisha unga wenye wadudu, mwenye duka humsikiliza. Ila kabla hajamwacha anayemletea mzigo, hufungua daftari: pakiti ngapi zimeuzwa, ngapi zimerudi? Waliokula wakashiba hawarudi kushuhudia. Hapo ushuhuda unatupotosha bila mtu kusema uongo. Nani amewahi kusimama Jumatano akasema, "Mtoto wangu hakupooza"?

Waliopooza wapo. Mwaka 2013 polio ilizuka Dadaab, kaunti hii hii yetu. Kenya ilihesabu wagonjwa 14, jirani zetu Somalia 194. Tena virusi hivyo huwapitia wengi kimya kimya. Karibu mmoja kati ya 200 ndiye hupooza. Kwa hivyo unaweza kuona kwa macho yako watoto wasiochanjwa wakicheza mpira, na polio iko papo hapo kijijini.

Wiki hii nitamtembelea dada, na siendi kumkemea. Nataka twende pamoja kwa muuguzi na kile kijitabu cha kliniki, amweleze habari za degedege kabla ya sindano ya wiki ya 14, kwa sababu ni jambo ambalo muuguzi anahitaji kulijua. Na Jumatano, dada akiniruhusu, nitasema Amina yangu ilikuwa ya mtoto kupona.