Umbali Si Udhuru

Ukichukua ramani na kupiga mstari ulionyooka kutoka Mwanza hadi Goma, mashariki mwa Congo, utapata takriban kilomita 420. Piga mwingine hadi Dar es Salaam, utapata takriban 850. Goma iko karibu nasi kuliko Dar, tena kwa nusu ya safari. Hata hivyo, Simba na Yanga wakikutana Dar, kila bao linasikika Mabatini, hapa Mwanza, dakika ileile. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wengi wetu tulisikia, tukasikitika, tukalala.

Kumbe kinachoifanya Goma iwe mbali nasi hakipimwi kwa kilomita. Wala si lugha: mtoto wa Goma akisogezewa kipaza sauti, hatuhitaji mkalimani, kwa kuwa kilio chake anakieleza kwa Kiswahili. Wala si biashara. Dagaa wetu na kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, huuzwa hadi Congo. Nayo madini ya koltani yanayochimbwa Rubaya, machimbo ya Kivu Kaskazini ambayo M23 waliyateka mwaka 2024, huishia ndani ya simu kama hizi tunazotembea nazo mifukoni. Bidhaa zimeona njia ya kwenda na kurudi. Ni huruma peke yake inayosema safari ni ndefu.

Tazama nyumba moja ya kawaida kule Igogo, jijini Mwanza, saa mbili usiku. Watoto wameshaoga, miguu ingali na maji. Sinia la ugali liko katikati, sato wa kuchemsha pembeni, na mdogo kuliko wote anasinzia na tonge mkononi. Taarifa ya habari inaanza. Aprili 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, katika mapigano makali ya mwanzoni mwa mwaka ule mashariki mwa Congo, kila nusu saa mtoto mmoja alikuwa akibakwa. Nusu saa ndiyo muda wa familia ile kula, kunawa na kuwalaza watoto chini ya chandarua.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Walikuwa wanaeleza udhaifu wa binadamu ili tujihadhari nao, lakini sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa ruhusa. Katika karne ya kumi na nane Adam Smith, mwanafalsafa wa Scotland, aliugusa udhaifu huohuo. Alisema mtu wa Ulaya akisikia kwamba tetemeko limeimeza China yote atahuzunika kidogo, kisha atalala fofofo. Lakini akijua kwamba kesho atapoteza kidole chake kidogo, hatapata usingizi. Wengi huishia hapo. Smith aliendelea kuuliza: je, mtu huyo angekubali mamilioni yale wafe ili kidole chake kipone? Jibu lake ni hapana, kwa sababu ndani ya mtu kuna dhamiri inayomkumbusha kuwa yeye ni mmoja tu kati ya wengi. Hisia huchoka mapema. Dhamiri haina ruhusa ya kuchoka nazo.

Je, basi raha ya nyumbani ni dhambi? Hapana. Mama aliyeuza samaki kutwa juani hana deni kwa mtu yeyote kwa sababu watoto wake wamelala wameshiba. Usingizi ule ndio hasa tunaowatakia watoto wa Goma, na anayeuonea aibu atawatakia nini? Akiliacha lile tonge, hakuna mtoto wa Kivu atakayeshiba. Kosa linaanzia kwingine: pale tunapoiona amani yetu kama stahili yetu, na vita vya wenzetu kama tabia yao. Tunasema, "Wale wamezoea." Hakuna mtoto aliyezoea. Kila anayezaliwa chini ya mizinga huogopa upya, kwa mara yake ya kwanza.

Ziwa letu la Victoria lilikwisha kutufundisha haya. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta ziwani miili ya watu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na baadhi ya watu wa kandokando ya ziwa wakaacha kula samaki. Vita vilivyodhaniwa kuwa vya wengine vikaingia ndani ya sufuria. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Ngara haikuwa wilaya ya matajiri. Lakini ilikuwa na amani, na siku ile amani ilikuwa ndiyo mali iliyohitajika kuliko zote.

Nasema amani ni amana. Aliyeikuta mezani hakuipika peke yake, na hana haki ya kuifungia kabatini. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Congo. Wako watoto waliozaliwa humo ambao hawajawahi kuikanyaga nchi ya wazazi wao. Hatuwezi kumlilia mtoto wa vita kwenye televisheni, halafu akivuka mpaka tumwite mzigo.

Kwa hiyo, msomaji, kula chakula chako kwa shukrani na uwalaze wanao salama. Kisha kataa kusema "hayo ni yao". Waambie watoto wako majina ya miji ile kama unavyowatajia Dodoma na Dar. Msaidie mkimbizi aliye karibu nawe. Na viongozi wetu wanapokaa na wenzao wa Afrika Mashariki kuizungumzia Congo, uwadai majibu kwa sauti ileile unayodai barabara na maji. Watoto wale ni majirani zetu, na jirani haachwi kwa sababu nyumba yetu haijashika moto.