Okidi za Kitulo: Je, Ua Lina Uhai wa Peke Yake?

Uwanda wa juu wa Kitulo, ulioko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 umekuwa hifadhi ya taifa iliyotengwa hasa kwa sababu ya mimea yake, zikiwemo aina zipatazo 45 za okidi. Kwa anayeuliza ni kitu gani hasa huokolewa kiumbe kinapookolewa, okidi hizi zina la kufundisha kuliko tembo na faru, kwa kuwa kinachozimaliza ni chakula cha watu wa kawaida.

Chakula hicho ni chikanda, kinachopendwa sana Zambia: viazi vya okidi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria hukaushwa na kutwangwa, unga wake huchanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi ushikamane na kukatwa vipande kama mkate. Soko lilipozishinda nyika za Zambia, wachuuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini, wilaya ya Makete na wilaya za jirani, na makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitaja viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilivyovuka mpaka kila mwaka. Chini ya shina moja la Satyrium mchimbaji hukuta viazi viwili, kimoja kilichonywea, ambacho ndicho kilichouotesha mmea wa msimu huu, na kingine kigumu chenye rangi ya maziwa, ambacho ni akiba ya msimu ujao. Sokoni hutakiwa hicho kigumu, kwa hiyo mlaji hula ua la mwakani.

Aristotle alifundisha kwamba kitu halisi ni kile kinachosimama chenyewe, na uhusiano wake na vingine huja baadaye. Mbegu ya okidi haikubaliani naye. Ni ndogo mithili ya vumbi na haina akiba ya chakula, hivyo porini haimei mpaka ivamiwe na kuvu wa udongoni, yaani kiumbe cha jamii ya ukungu na uyoga, anayeilisha. Jambo hili lilibainishwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Msomaji wa John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu huwa mtu kutokana na jamii yake, ataona hapa mfano ulio tayari, ingawa inafaa asiharakishe: okidi changa huchukua kwa kuvu bila kulipa chochote kinachoonekana, na ushirika wa namna hiyo ni karibu zaidi na unyonyaji kuliko ujamaa. Hata hivyo hoja inabaki, kwamba uhusiano, uwe wa haki au usiwe wa haki, umetangulia mmea wenyewe.

Pingamizi kubwa lilitoka maabara. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi huota ndani ya chupa bila kuvu yeyote, zikipewa sukari na madini katika aga, ute mgumu utokanao na mwani. Ikiwa ndivyo, atasema mpinzani, okidi ina uhai wake na udongo wa Kitulo ni makazi tu. Lakini sukari ile imetiwa na mkono wa mtu, na mkono huo ukichoka mche ukiwa bado mchanga, unakufa. Kilichobadilika ni mlishaji, utegemezi uko palepale.

Dini zina neno hapa. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na Qur'ani inamtaja mwanadamu kuwa khalifa, yaani msimamizi, katika ardhi. Wahubiri wengi wa mazingira hushika kutunza na kusahau kulima, kana kwamba uchamungu ni kujenga uzio. Kitulo kwenyewe kumewahi kufugwa kondoo, kisha ng'ombe wa maziwa, na nyasi zake zimezoea moto. Mkono wa mtu umo bustanini siku nyingi. Kumzuia mama wa kijijini asichimbe, bila kumpa kingine cha kuuza, ni usimamizi nusu, na okidi ya chikanda inayolimwa shambani ingekuwa ibada bora kuliko zuio tupu. Ugumu ni kwamba anayetaka kuotesha okidi hizi ili zidumu udongoni, nje ya chupa, humhitaji kuvu anayezifaa, naye hutolewa katika mizizi ya okidi za porini zilizo hai bado, kwa hiyo shamba hilo haliwezi kuanzishwa baada ya uwanda kwisha.