Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Alipwe Nani?

Nimekulia katika kijiji kinachopakana na hifadhi ya wanyama, magharibi mwa Uganda. Babu yangu hunyoosha fimbo yake kuelekea kilima kilichomo ndani ya hifadhi na kusema, "Pale ndipo nilipozaliwa." Kwa hiyo mwalimu wetu alipotuuliza kama binadamu ana deni kwa wanyama aliowaangamiza, akitutolea mfano wa baisani, yaani nyati wa Marekani, wenzangu walijibu upesi kwamba analo. Mimi pia nakubali. Ila nilibaki na swali jingine: deni likilipwa kwa mali ya mtu mwingine, je, limelipwa?

Mwanzoni mwa karne ya 19, mamilioni ya baisani walikuwa wakilisha katika nyika za Amerika ya Kaskazini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki mamia tu. Wawindaji waliwaua kwa ajili ya ngozi, na reli ikazisafirisha ngozi hizo hadi viwandani. Walioumia hawakuwa wanyama peke yao. Wenyeji waliopata kwa baisani chakula, mavazi na mahema walipigishwa magoti na njaa, na wapo wakuu wa jeshi walioliona jambo hilo kuwa ni faida.

Sasa tutazame bonde la Flathead, huko Montana, kwenye ardhi ya Wasalish na Wakootenai. Wenyeji wa huko walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumwokoa mnyama huyu. Ndama wachache walioletwa bondeni katika miaka ya 1870 walizaana, na kundi hilo likakuzwa na Michel Pablo na Charles Allard hadi likafikia mamia. Kisha serikali iliamua kuwagawia walowezi ardhi ya wenyeji. Pablo, akiona malisho yanakwisha, akaanza kuwauza baisani wake kwa serikali ya Kanada mwaka 1907. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani ilichukua zaidi ya ekari 18,000 katika bonde lilo hilo ili kuanzisha hifadhi ya baisani. Wenyewe hawakutoa ridhaa. Baisani wengi walioingizwa humo walikuwa wa ukoo wa kundi la Pablo na Allard.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hali ilikuwa ya dharura, na kwamba mnyama akishatoweka hakuna mahakama inayoweza kumrudisha. Hoja hiyo ina uzito. Nakiri pia kwamba wenyeji nao waliwinda, na wengine waliuza ngozi. Hata hivyo, dharura inaeleza kwa nini watu walifanya haraka. Haielezi kwa nini gharama ilimwangukia yule aliyekuwa amewatunza ndama, wakati waliotajirika kwa ngozi hawakudaiwa kitu. Anayechoma nyumba ya jirani, kisha akachukua shamba la jirani yuleyule ili kuonyesha majuto yake, ameongeza deni la pili juu ya la kwanza.

Mnamo Desemba 2020 sheria iliyopitishwa Marekani iliirudisha hifadhi ile mikononi mwa Wasalish na Wakootenai, baada ya miaka 112. Baisani bado wanalisha pale, na wageni bado wanakwenda kuwatazama. Katika bonde lile, basi, haikuwa lazima kuchagua kati ya mnyama na mwenye ardhi. Ilitosha kumwona mwenye ardhi kuwa ni mtu wa kushauriwa.

Kwa maoni yangu, kumrudisha mnyama porini ni wajibu wa kweli. Lakini wajibu huo una masharti mawili: alipe aliyeharibu, na aulizwe mapema yule atakayeishi na mnyama huyo.

Likizo iliyopita nilimuuliza babu kama angependa nyati waondolewe ili arudi kilimani kwake. Alicheka. "Nyati hana kosa, mjukuu wangu," alisema. "Hata yeye hakuulizwa." Kisha akaniomba nimsindikize kwenye uzio, aone kama mti wa mama yake bado umesimama.