Je, Siri ya Mgonjwa Huisha Akifa?

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hapa Doha tulifundishwa mapema kwamba siri ya mgonjwa haitoki wodini. Lakini mgonjwa akiwa amekufa zamani, siri hiyo inamlinda nani?

Tuangalie Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa hospitali ya wendawazimu ya serikali ya kikoloni. Daktari J. C. Carothers aliisimamia kuanzia 1938 hadi 1950. Akitegemea kwa sehemu wagonjwa wa humo, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na Shirika la Afya Duniani likakichapisha mwaka 1953. Alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Jina la daktari lingali linatajwa. Wagonjwa wake walibaki kuwa hesabu. Nani kati yao alikuwa mkulima? Nani aliacha watoto wachanga nyumbani?

Wengine husema: waacheni wapumzike, msiziaibishe familia zao. Hoja hii ina uzito. Hata leo mtu hutaniwa kuwa ni wa Mathari, na Tanzania kuwa ni wa Mirembe. Jina likitajwa ovyo, posa ya mjukuu inaweza kuvunjika.

Hata hivyo, siri na ukimya ni vitu viwili. Siri ni ya mgonjwa mwenyewe, naye huchagua wa kumwambia. Ukimya huu hakuuchagua. Aliwekewa na wengine. Katika Marko sura ya 5, jina la yule mtu wa makaburini hatulijui. Tunalolisikia ni la pepo. Lakini tunajua alivyofungwa minyororo, alivyojikata kwa mawe, na alivyorudi kwao akasimulia mwenyewe. Maisha yake yamesimuliwa bila jina lake kutolewa.

Basi wanaofungua mafaili ya zamani wasimulie maisha, na jina waliache mikononi mwa ukoo. Na ukoo ndio sisi. Wengi wetu tuna babu au shangazi ambaye mtoto akimwulizia, mazungumzo hubadilishwa. Juma hili tukipiga simu nyumbani, tuwaulize wazee: kabla hajaugua, alikuwa mtu wa namna gani? Alilima nini? Alipenda wimbo gani? Majibu hayo hayamo katika faili la hospitali, na wanaoyajua wanazidi kupungua.