Ramani na Tofali

Mwaka 1635 Mreno António Bocarro alitunga kitabu cha ngome za Wareno, na Pedro Barreto de Resende akachora picha zake. Ngome ya Yesu ya Mombasa imo. Mwaka 1696 Waomani waliizingira ngome hiyo. Waswahili wengi walikuwa wamekimbilia ndani. Ilipoanguka Desemba 1698, njaa na maradhi vilikuwa vimewamaliza karibu wote. Picha ya namna ile humwonyesha jemadari pa kuelekeza mizinga. Mama anayegawa konzi ya mwisho ya mchele haonekani.

Je, ni vibaya kuwatazama watu kutoka juu? Wageni hutujia na ramani ya makazi, na sisi wachungaji tuna daftari la familia. Sioni dhambi hapo. Mungu mwenyewe alimwagiza Ezekieli achore Yerusalemu juu ya tofali, kisha auhusuru (Ezekieli 4). Ila hakumruhusu asimame tu akitazama. Alimlaza kando ya mchoro, siku 390 kwa ubavu wa kushoto, 40 kwa wa kuume, akila chakula cha kupimwa, shekeli 20 kwa siku. Ni kama gramu 230. Mama yeyote aliyevuka Mpondwe na watoto anajua hiyo inaisha saa ngapi.