Karani na Tusi

Msomaji, jitie mahali pa karani Mwafrika wa posta kule Mweiga, chini ya Nyandarua, mwaka 1950. Mlowezi amwita "boi", naye karani ana mvi kichwani. Mkononi ameshika barua ya huyo huyo amtukanaye. Je, ampe?

Wengi watasema avumilie, kwani subira yavuta heri. Mimi nasita. Subira ya mtu awezaye kujibu ni fadhila. Ya mtu ambaye jibu moja litampotezea kazi ni jambo jingine, na si haki kumsifu kwalo. Wala tusi lile halikuzaliwa kinywani mwa mlowezi peke yake. Tume ya Holmes, mwaka 1948, ilipendekeza Mwafrika alipwe sehemu 3 katika 5 za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile, na mwaka 1954 ndipo Tume ya Lidbury iliposhauri mishahara isipimwe tena kwa rangi. Serikali aliyoitumikia karani ilikwisha kumpimia kwa kibaba kilichopunjwa. Mlowezi alisoma kipimo tu.

Hata hivyo barua ampe, tena upesi, maana ni mali ya aliyeandikiwa, awe mwema au mwovu. Lakini akiisha kumpa, amtajie, kwa sauti ya kawaida, jina lake mwenyewe.