Nani Alipe Gharama za Ufilisi?

Kampuni inapofilisika, hata kugawa mabaki yake kwa haki kuna gharama. Nani azilipe? Leyland DAF, watengenezaji wa malori wa Uingereza, walipoanguka mwaka 1993, wasimamizi walioteuliwa kwa niaba ya wakopeshaji walikusanya mali iliyowekwa dhamana. Baadaye mfilisi alitaka gharama zake zitoke kwenye fungu hilo. Mwaka 2004 majaji wa Baraza la Malodi walikataa: mali ya dhamana ni ya mwenye dhamana, wala hapaswi kugharimia kazi ya wengine.

Hoja hiyo ina uzito, kwani ahadi ni deni. Lakini mfilisi hahesabu magari na vipuri tu. Huchunguza pia mienendo ya wakurugenzi na kupima madai ya wafanyakazi na wauzaji. Kazi hiyo hulinda uaminifu wa soko, na uaminifu huo ndio unaompa mkopeshaji ujasiri wa kukopesha. Kwa hiyo Bunge lilitenda haki lilipoigeuza kanuni hiyo kuanzia Aprili 2008, kwa dhamana zinazoshika mali inayobadilika, kama bidhaa za ghalani. Itasemwa kwamba mfilisi atatapanya mali isiyo yake. Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ni udhibiti: gharama kubwa za kesi huhitaji idhini ya wanaoguswa au ya mahakama. Anayefaidi utaratibu hana budi kuuchangia.